Mkwe Aliyejifunga Kitambaa Machoni

Meshack ni fundi pampu. Kule Mwakitolyo, wanakochimba dhahabu kwa mikono, shimo la kuchimbia wanaliita duara, na duara likishazama chini sana linaanza kutoa maji. Maji hayo yasipovutwa hakuna anayeshuka. Kazi ya Meshack ni kuyavuta. Ana injini mbili za dizeli, mipira mirefu iliyoungwaungwa, na sikio. Wenye maduara wanamthamini kwa ajili ya lile sikio. Anaweza kuwa amekaa kwa mama lishe, mbali kidogo, chai mkononi, akaweka kikombe chini akasema ile injini ya pili imeanza kunywa hewa. Anakwenda, anakuta ndivyo.

Mimi nazunguka na sindano, nyuzi na vifungo, pamoja na jiwe la kunolea mikasi, toka Isaka mpaka Kharumwa na kule Ushirombo, kwa hiyo watu wa huku nawajua kwa milango yao. Mlango wa Serafina, mama mkwe wake Meshack, niliujua kabla ya mlango wa Meshack mwenyewe. Uko Ushirombo, nyuma ya kigango. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti, anayelima mpunga na karanga na kuimba sauti ya pili kanisani, na kila nikipita ananipa maji kabla sijaomba. Mwaka ule nilipita nikapewa maji na mtu mwembamba aliyevaa nguo za Serafina. Nusura nimuulize mwenye nyumba yuko wapi.

Alikuwa ameugua kimya miaka miwili. Dukani walimuuzia dawa za vidonda vya tumbo, akanywa, akapata nafuu, akanywa tena. Halafu chakula kikaanza kusimama kifuani. Wanawake wa nyumba ile hula pamoja kwenye sinia moja, basi yeye akawa anasema nimeshaonja jikoni, nyie kuleni. Mtu anayepika haulizwi kama amekula. Ndivyo alivyojificha mpaka siku alipotapika kitu cheusi kama masizi mbele ya bintiye Melania, mke wa Meshack, aliyekuwa amekuja kumsalimia na mimba yake kubwa.

Walimpeleka hospitali moja ndogo ya upande wetu huu. Jina sitalitaja, maana yaliyotokea yangetokea popote penye manesi wachache. Walimmezesha kamera, wakakata kipande cha nyama, kikapelekwa Mwanza, majibu yakarudi baada ya majuma matatu. Saratani ya tumbo.

Daktari wa pale, Nuruddin, ni mtu mfupi anayesema taratibu. Aliwachorea nyuma ya kalenda ya zamani: hili hapa tumbo, huu hapa ugonjwa, nitaliondoa tumbo lote, halafu huu mfereji wa chakula nitauunganisha na utumbo. Aliwaambia ukweli wake. Hospitali kubwa hufanya kazi hiyo kila juma. Yeye mwaka uliopita aliwafanyia watu kumi na mmoja, na wawili kati yao hawakurudi nyumbani. Kama wanataka kwenda kule, atawaandikia barua siku hiyo hiyo, lakini foleni yake ni miezi miwili, na mgonjwa ameshafika kilo thelathini na tisa.

Meshack alikuwa amesimama mlangoni, mgongo umeelekea ndani, maana mama mkwe wake alikuwa amekaa humo. Aliuliza swali lake huku akitazama nje. Alitaka kujua kiungo kama hicho cha mfereji na utumbo huchukua siku ngapi kushika.

"Siku ya tatu mpaka ya kumi ndizo ninazoziogopa," daktari akamjibu. "Kisu ni saa tano tu. Wale wawili hawakuuawa na kisu. Kiungo kilivuja, na sisi tukachelewa kujua."

Serafina aliamua mwenyewe, kwa kumwambia Melania ili Melania awaambie wengine. Akatwe hapo hapo.

Sasa nieleze huu mgongo wa Meshack, maana bila huo hakuna kitakachoeleweka. Kwa watu wa kwao Serafina, na kwa Wasukuma wa kwao Meshack vilevile, mkwe wa kiume na mama wa mkewe ni watu wa kuonana kwa mbali. Hawali chumba kimoja. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kwenye mtama mpaka mwenzake apite. Wakiwa na neno, hulipitisha kwa mtu wa tatu, hata kama mtu huyo ni mtoto wa miaka minne. Siku hizi vijana wengi wa mjini wameliacha jambo hilo. Meshack hakuliacha. Alikuwa amemuoa Melania miaka saba, na katika miaka hiyo hakuna neno hata moja alilowahi kumwambia Serafina moja kwa moja. Haukuwa uadui. Ile ndiyo ilikuwa heshima kubwa kuliko zote aliyoweza kumpa.

Na mambo yakapangika vibaya. Melania alijifungua kwa kisu siku tisa kabla ya mama yake kupasuliwa, akawa amelala nyumbani hawezi hata kunyanyua ndoo. Charles, kaka yake Melania, alikuwa amekwenda kuchimba Chunya na simu yake ilikuwa haipatikani. Akabaki dada yake Serafina wa kutoka Bukombe kumuuguza wodini, na Meshack wa kukaa barazani, kuchota maji, kupika uji, kununua dawa isiyokuwepo dirishani.

Mimi nilikuwepo kwa sababu ya kidonda cha mguu. Kila siku nafika kusafishwa, halafu najikalia barazani chini ya dirisha la wodi ya wanawake, maana pana kivuli na pana mazungumzo. Mazungumzo yenyewe yalikuwa ya Swaumu. Huyu ni mfanyabiashara wa vitenge wa Kahama, mjukuu wa watu waliokuja zamani kutoka pwani, amevunjika paja kwa pikipiki. Mguu wake ulikuwa umening'inizwa na kamba na vyuma vya uzito, kwa hiyo asingeweza kutoka kitandani hata nyumba ikiungua. Lakini mdomo wake ulitembea wodi nzima. Kitanda chake kilikuwa jirani na cha Serafina.

Upasuaji ulikwenda salama. Serafina akarudi wodini na mipira minne mwilini. Mmoja wa puani. Mmoja wa dripu. Mmoja umeingia kwenye utumbo, wa kumlishia uji mwepesi kwa bomba la sindano, kwa sababu mdomoni asingepitisha hata tone la maji. Na wa nne ulitoka ubavuni ukashuka mpaka kwenye chupa sakafuni. Huo wa nne, daktari alieleza, ndio mlinzi. Kiungo kikivuja, uchafu utatokea humo, na chupa itasema kabla mgonjwa hajasema.

Siku ya kwanza chupa ilitoa maji mekundu. Siku ya pili yakapauka. Siku ya tatu asubuhi yaliongezeka kidogo na rangi yake ikawa si nzuri sana, ila hakuna aliyeshtuka.

Mchana wa siku hiyo ya tatu dada wa Bukombe akapigiwa simu ya msiba. Alilia, akafunga virago. Kabla ya kuondoka alimuosha mgonjwa na kumvika nguo safi, halafu akafikiria kwamba kuanzia sasa atakayekuja kumlisha ni mkwe wake. Ule mpira wa kulishia uko mbele, juu ya kitovu, angeweza kuutoa kwenye tundu la kanga bila kuonekana kitu. Lakini wa ubavuni unaonyesha ngozi. Basi akauviringa, akauzungushia kanga, akafunga kibwebwe kiunoni barabara ili mkwe asione hata unapoanzia. Alifanya hivyo kwa heshima kabisa. Kisha akamlaza dada yake kwa ubavu huo, akaenda kuzika.

Chupa ikakauka.

Wote wakafurahi. Sista Salome, aliyekuwa peke yake na wagonjwa thelathini na wanane, alipopita aliinama akatazama chupa, akaandika. Daktari alipita asubuhi, akaona chupa, akasema Mungu akipenda wiki ijayo tunaweza kujaribu maji. Meshack naye alikuwa anaingia kila baada ya saa tatu, kichwa amekigeuzia ukutani, anasukuma uji kwa bomba kupitia lile tundu la kanga, na salamu zinapita kwa Swaumu.

"Muulize mama ameamkaje."

"Mama Melania, mkweo anauliza umeamkaje."

"Mwambie nimeamka."

Swaumu akachoka. "Nyie mtaniua. Mnarushiana maneno juu ya kitanda changu kama vile mimi ni mnara wa simu. Halafu mnara wenyewe umevunjika."

Serafina alicheka, akashika tumbo, na nje hapo nikasikia Meshack naye anacheka na ukuta.

Siku ya tano Serafina hakucheka. Mwili ulikuwa wa moto. Alisema bega la kushoto linamuuma, na Swaumu akamjibu ni mto, geuza mto. Walimpima malaria, hakuna. Kufika saa saba mchana alikuwa anapumua pumzi fupi fupi, na jasho linamtoka huku amejifunika.

Meshack alitoka nje akasimama karibu yangu. Nilidhani amechoka. Kumbe alikuwa anasikiliza. Dirisha lilikuwa wazi na pumzi za Serafina zilisikika mpaka barazani.

"Mzee," akasema, "ile chupa imekauka tangu juzi."

Nikamwambia si ndiyo heri, hata daktari amefurahi.

"Ilitoa, ikatoa, ikaongezeka, halafu ikakata papo hapo. Maji hayakati hivyo. Duara likiwa linakauka, maji hupungua siku hadi siku. Yakikata ghafla, duara limejaa. Mpira ndio umejikunja."

Wote wawili tulijua mpira ule umepita wapi.

Alikimbia kumtafuta Sista. Hakumpata. Alikuwa ameingia kusaidia chumba cha upasuaji, kwa daktari, ambako mama mmoja aliyeletwa kwa baiskeli kutoka vijijini alikuwa amepasuka kizazi. Mhudumu aliyekaa mlangoni akamwambia humo haingii mtu, asubiri. Akamuuliza kwa muda gani. Mhudumu akasema huo muda hata wao walio ndani hawaujui. Akajaribu wodi ya wanaume, akakuta muuguzi mmoja ameshikilia mgonjwa wa degedege, naye akamwambia subiri. Wanawake waliokuwa wakiuguza ndugu zao walikuwa jikoni nyuma, mbali, ndiyo saa ya kupika. Mimi mwanamume, tena si ndugu. Swaumu amefungwa kwenye vyuma vyake.

Akarudi barazani. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Ingia," nikamwambia.

"Ni mama mkwe wangu, mzee."

Nilitazama kidonda changu.

Akaingia. Nilisimama dirishani, nikageuza uso, lakini masikio sikuyageuza. Alimwambia Swaumu amuulize mama ule mpira wa ubavuni umepita wapi. Swaumu akauliza. Serafina akajibu kwa shida kwamba upo. Meshack akasema haulizi kama upo, anaomba autoe nje ya kanga. Serafina alijaribu, mkono ukafika kwenye fundo ukarudi. Kibwebwe kilikuwa kimekazwa na mtu mwenye nguvu, na yeye alikuwa amekilalia.

"Da Swaumu," Meshack akasema, "mwambie nitaufungua mimi."

Kabla Swaumu hajafungua mdomo, Serafina akasema: "Mwambie asinisogelee. Afadhali nife na heshima yangu."

Kisha nikasikia kitu ambacho sikukitegemea, sauti ya Meshack bila kupita kwa mtu yeyote.

"Mayu," alisema, kwa Kisukuma chake cha kumwita mama. "Melania ana mtoto wa siku kumi na nne. Ukifa leo nitarudi nimwambie nini? Nimwambie niliona haya?"

Akashusha sauti.

"Nitajifunga macho. Wewe sikugusi, nitashika mpira tu. Duarani kule taa ikizimika hatuoni kitu, tunaufuata mpira kwa mkono. Da Swaumu ataniongoza."

Niliisikia ile pumzi fupi, moja, nyingine, nyingine. Nikaanza kuzihesabu bila kutaka. Nilifika kumi na saba.

"Swaumu," Serafina akasema mwishowe. "Mwambie afunge mafundo mawili."

Meshack alitoa kitambaa chake cha shingoni, kile cha kufutia mikono, chenye harufu ya dizeli. Swaumu aliniambia baadaye kwamba alikifunga mpaka ngozi ya kipaji ikajikunja. Akapiga magoti sakafuni, akapapasa mpaka akaipata chupa, na kutoka kwenye chupa akaushika mpira kwa vidole viwili akaanza kupanda nao.

"Panda," Swaumu akamwelekeza. "Panda hivyo hivyo. Umefika kwenye chuma cha kitanda. Sasa godoro. Si huko, huo ni wa dripu, uache huo. Rudi. Ndiyo. Sasa uko kwenye kanga."

"Fundo liko wapi?"

"Kidole kimoja mbele yako. Taratibu. Mama Melania, jiinue kidogo mwenzangu, kidogo tu, sukuma na kisigino."

Serafina aliguna. Vidole vya Meshack ni vya kufungua nati zilizoshika kutu, na fundo la kanga lilimsumbua kuliko nati yoyote. Aliling'ang'ania. Lilipolegea, mpira ukatoka chini ya mgonjwa ukiwa umekunjwa mara mbili, bapa kama utepe. Akaunyoosha kati ya vidole, akausugua palipojikunja, akaushusha.

Yeye ndiye aliyesikia kwanza. Swaumu alikuwa bado anatazama kanga wakati Meshack alipoinua kichwa. Tone. Tone jingine. Halafu mfululizo, kama bomba linalofunguliwa kidogo.

"Rangi gani?" akauliza.

Swaumu akachungulia sakafuni kutoka kitandani kwake. "Kijani. Inanuka, kaka yangu." Na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu akasema neno na kulisimamisha hapo.

Daktari Nuruddin alitoka chumba cha upasuaji saa tisa, gauni limeloa, yule mama wa baiskeli akiwa hai. Mhudumu wa mlangoni alikuwa amemwambia kuna mtu amekuja kumtafuta Sista. Alifika wodini karibu mbio. Chupa ilikuwa imepita nusu. Meshack alikuwa bado amepiga magoti, ameshikilia mpira usijikunje tena, kitambaa machoni.

"Toa hicho kitambaa," daktari akasema.

"Mpaka afunikwe."

Sista Salome akamfunika. Hakuna aliyelaumiwa siku hiyo. Daktari aliitazama kanga, akaliangalia lile kunyanzi la mpira, akaelewa, akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Kiungo kilikuwa kinavuja. Uchafu ulikuwa umejaa ndani siku mbili ukikosa njia.

Akamwita Meshack barazani, nami nikawa hapo hapo. Alisema kuna njia tatu. Kumpakia kwenye gari kwenda hospitali kubwa, saa nne na nusu za barabara, na damu yake imeshaanza kuchafuka. Kumfungua tena sasa hivi, kilo thelathini na tisa. Au kuuacha mpira ufanye kazi yake, kumpa dawa kali, kumlisha kwa ule mpira wa utumbo, na kusubiri.

"Wenzangu wa kule wanaliona jambo hili kila juma," alisema. "Mimi naliona mara mbili kwa mwaka. Ngoja niwapigie."

Alipiga simu akitembea uwanjani huku na huku, mkono sikioni. Alichukua muda. Aliporudi alisema wamekubaliana wasubiri mpaka saa kumi na mbili. Mapigo ya moyo yalikuwa mia moja thelathini na sita kwa dakika. Yakishuka, wataendelea hivyo hivyo. Yasiposhuka, anamfungua jioni hiyo hiyo. Akamwagiza dereva asitoke na gari.

Saa kumi yalikuwa mia moja thelathini na nne. Sista aliitamka namba kwa sauti ndogo akipita dirishani, kwa ajili yetu. Saa kumi na nusu, mia moja thelathini na sita tena. Meshack alichukua jiwe langu la kunolea akaanza kunoa kisu chake cha mfukoni, ambacho nilikuwa nimekinoa asubuhi. Nikamwacha. Saa kumi na moja, mia moja ishirini na nane. Melania akapiga simu, na mumewe akamwambia mama amelala, nitakupigia. Alipokata akaniuliza kama amedanganya. Nikamwambia sijui, huenda amelala kweli. Chumba cha upasuaji tulikiona kinawashwa taa, wanaandaa. Saa kumi na moja na nusu Sista hakupita dirishani, na hilo lilikuwa baya kuliko namba.

Saa kumi na mbili kasoro kidogo Swaumu akaita kwa sauti yake yote.

"Mkwe! Anasema ana kiu!"

Mapigo yalikuwa mia moja kumi na nne. Taa ya kule ikazimwa.

Alikaa majuma matatu bila kitu mdomoni. Alikuwa analambishwa pamba yenye maji, midomo tu. Melania alipopata nguvu akaja, mtoto mgongoni, akalala chini ya kitanda cha mama yake. Chupa ikawa inapungua siku hadi siku, kidogo kidogo, namna ile ile Meshack aliyosema maji hupungua.

Ilipokaribia siku ya kupima kiungo akaja Valerian, kaka yake Serafina, mzee wa ukoo, kwa sababu habari ilikuwa imefika Ushirombo na inataka kuamuliwa. Kwao, mkwe akiona mwili wa mama mkwe analeta jembe jipya. Jembe likipokelewa, aibu imekwisha na ukwe umelegea, wanaweza kusemezana. Valerian alifanya kikao chake pale pale wodini, kofia mapajani. Swali lake lilikuwa moja: aliona au hakuona?

"Hakuona," Swaumu akasema. "Nimeona mimi. Nitozeni jembe mimi, mje mlichukue Kahama."

Valerian alimtazama mguu ule uliotundikwa, akasema shahidi anatosha. Kijana alijifunga macho. Hakuna jembe.

Ndipo Serafina akasema kutoka kitandani kwamba analitaka. Kaka yake akamweleza kwamba sheria haimdai kijana. Serafina akasema anajua. "Alete. Siku ile ya kupimwa kwa maji ya bluu nataka yeye ndiye aitazame chupa. Akitazama amejifunga macho atanisaidia nini?"

Jembe lilinunuliwa gulioni Kharumwa, na mlinzi wa geti akalizuia. Alisema kwa miaka yake yote ameshaona watu wakiingiza kuku na hata redio, ila jembe wodini hapana, jembe tunalijua kazi yake nje ya hospitali. Maneno hayo ya makaburini hayakumfurahisha mtu. Ilibidi Sista Salome aje getini. Jembe likapita limefungwa gazeti, Valerian akalipokea, akaligusisha sakafu, akalilaza chini ya kitanda cha dada yake.

Asubuhi ya siku ya ishirini na sita daktari alikuja na glasi ya maji aliyotia dawa ya bluu, bluu kweli, kama wino. Alieleza. Atakunywa. Kama kiungo kimeshika, bluu itashuka zake kwenye utumbo. Kama bado, itatokea kwenye chupa, na hapo wataongea mengine, maana mgonjwa hana nyama ya kusubiria. Akasema tena yale aliyowahi kusema: hata likienda vizuri, ugonjwa wenyewe ulikuwa umeanza kugusa matezi, na dawa za baadaye zitaamuliwa Mwanza. Hakutaka mtu adhani leo ndiyo siku ya mwisho ya kuogopa.

Meshack aliingia, mimi nikabaki dirishani. Alikuwa amenyoa. Alisimama mwisho wa kitanda, uso umeelekea mbele, na ilionekana hajui aweke wapi macho yake, basi akayaweka kwenye chupa. Akachuchumaa mbele yake.

Serafina akapewa glasi. Melania akataka kumsaidia kuishika, akamkatalia. Akanywa funda moja. Baada ya majuma matatu na ushee ya kukauka, alilishikilia mdomoni kwanza, halafu akameza. Funda la pili. La tatu. Midomo ikawa ya bluu.

Daktari alitazama saa. Dakika tano. Katika mpira kulikuwa na maji kidogo, meupe yenye unjano, yamesimama. Dakika kumi. Tone likateremka, sote tukaliona, Meshack akasogeza uso karibu nalo mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye chupa. Akaufuta ukungu kwa kitambaa kile kile cha shingoni.

Robo saa ikapita.

"Meshack," Serafina akaita. Melania aliinua kichwa haraka, maana hakuwahi kusikia mama yake analitamka jina hilo mbele ya mwenyewe. "Inatoka?"

Aliushika mpira kwa vidole viwili, akaufuata mpaka unapoingia, macho wazi, akahakikisha haujakunjika popote. Akarudi kwenye chupa.

"Haitoki, mayu," akasema. "Na mpira uko wazi. Nimeuangalia wote."

Serafina akalaza kichwa, midomo yake ya bluu, akamwambia Melania sasa alete huo uji, kijiko kimoja, asiwe mchoyo.